Mchagua Jembe Si Mkulima

Imekuwa desturi katika zama hizi kwamba penye mazungumzo ya gitaa la umeme, muziki ndio hutajwa mwisho. Wapiga gitaa wa ridhaa, yaani wale wasiotafuta riziki kwa nyuzi bali hupiga jioni baada ya kazi kwa kuburudisha nafsi zao, wakikutana wawili hawaulizani habari za wimbo waliojifunza, wala za kidole kilichokuwa kizito mwezi jana na leo kimelainika. Huulizana habari za pedali. Kila mmoja ana ubao wake uliopangwa visanduku vya bati vya rangi mbalimbali, vimeunganishwa kwa waya fupi fupi, na kila kisanduku kina taa yake na vifundo vyake vya kuzungusha. Ubao huo husifiwa, hupigwa picha, hupanguliwa na kupangwa upya. Na wakati wote huo gitaa hungoja ukutani. Wazee walikwisha kusema neno lao juu ya tabia hii kabla umeme haujafika vijijini: mchagua jembe si mkulima.

Pasiwe na kutofahamiana juu ya shabaha ya maneno haya. Pedali si uchawi, wala si dhambi. Gitaa la umeme lenyewe ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni amplifaya na spika. Uzi wa chuma hutetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Mtetemo huo huzaa umeme dhaifu. Amplifaya huukuza umeme huo, na spika huurudisha kuwa sauti. Tangu gitaa la umeme la Rickenbacker lilipoingia sokoni mwaka 1932, ilikuwa dhahiri kwamba maadamu pana waya kati ya kidole na sikio, pana nafasi ya kuugeuza umeme ungali njiani. Pedali ni kisanduku kikaacho katika nafasi hiyo. Kimoja huikwaruza sauti, kingine huirudia kama mwangwi wa bonde, kingine huitikisa, kingine huifungua na kuifumba kama kinywa cha mtoto anayelia. Akitumia mtu kisanduku hicho kwa jambo alilolikusudia, ni chombo halali kama patasi mkononi mwa seremala. Kinachostahili kupingwa ni imani iliyojengwa juu ya visanduku hivyo, imani ambayo sasa ina waumini wengi kuliko muziki wenyewe.

Imani hiyo ina nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba sauti ya bingwa imo ndani ya kisanduku chake. Ya pili ni kwamba kisanduku cha zamani, au kilicho adimu, kina siri isiyoweza kupatikana katika kingine. Ya tatu ni kwamba mpigaji wa ridhaa asiposikika kama anavyotamani, sababu yake ni kitu ambacho bado hajakinunua. Nguzo zote tatu ni mbovu, na yafaa ziangaliwe moja baada ya moja.

Nguzo ya kwanza huangushwa na historia. Sauti ya mkwaruzo, ambayo leo huuzwa katika mamia ya visanduku, haikubuniwa na kiwanda. Wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry," uliotoka mwaka 1961, ulirekodiwa mjini Nashville, na ndani yake Grady Martin alipiga gitaa la besi kupitia sehemu ya mtambo iliyokuwa imeharibika. Sauti ilitoka imepasuka na kukoroma. Fundi mwenye busara ndogo angalisimamisha kazi na kuomba radhi. Watu wale walisikiliza, wakaona kwamba ubovu ule una uzuri wake, wakauacha ubaki. Fundi wao, Glenn Snoddy, alipoona kuwa wengine wanaitafuta sauti ile, alishirikiana na mwenzake kutengeneza kisanduku cha kuiga hitilafu ile, na kampuni ya Gibson ikakiuza tangu mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 huko Uingereza Dave Davies wa kundi la The Kinks aliipata sauti ya jamii hiyo kwa njia nyepesi zaidi: alichukua wembe akaichana karatasi ya spika yake. Kisa kimoja kilihitaji ajali na kingine wembe, na katika vyote viwili sikio lilitangulia, duka likafuata nyuma.

Kisa cha Fuzz-Tone kina funzo jingine. Kisanduku kile kilipoingia sokoni kilidoda, maana wanunuzi hawakujua wakifanyie nini. Mwaka 1965 Keith Richards wa The Rolling Stones alikitumia katika wimbo "(I Can't Get No) Satisfaction," na hata yeye alikitumia kama mfano tu: nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi tarumbeta zitakavyopiga kifungu kile baadaye. Tarumbeta hazikuwekwa, mfano ukatoka kama wimbo, na mara visanduku vilivyododa vikamalizika madukani. Sasa aulizwe msomaji: wale walionunua mwaka ule walinunua nini? Richards alikuwa na swali, yaani jinsi ya kulifanya gitaa liseme kama tarumbeta, na kisanduku kilikuwa jibu la swali hilo. Wanunuzi walibeba jibu kwenda nyumbani bila ya swali. Ndivyo wafanyavyo wengi hadi leo, na ndiyo sababu bao zao zimejaa majibu ambayo hakuna aliyeyauliza.

Wala si lazima jibu liwe kisanduku. B.B. King, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2015, alitamani kupiga kama ndugu yake Bukka White, ambaye alitelezesha chuma juu ya nyuzi hata zikalia kama binadamu. Alishindwa, vidole vyake havikukubali kazi ile. Badala ya kutafuta chombo cha kumfanyia, alijifunza kuutikisa mkono wake wa kushoto hata noti moja ikatetemeka kama sauti ya mwimbaji. Mtikiso huo ukawa saini yake duniani kote, na msikilizaji humtambua kwa noti moja tu. Asili yake ilikuwa upungufu uliovumiliwa na kufanyiwa kazi. Laiti angaliishi katika zama hizi na kuwa na fedha za ziada, huenda angaliletewa kwa posta kisanduku cha kuuziba upungufu huo, na dunia ingalipoteza sauti hiyo.

Nguzo ya pili, ile ya siri ya visanduku vya zamani, huangushwa na bisibisi. Achukue mtu pedali iitwayo Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1966 na kupata sifa miguuni mwa Jimi Hendrix. Aifungue. Ataona transista mbili, vikinzani vinne, kapasita tatu, vifundo viwili na betri ya volti 9. Ndiyo yote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi aweza kuichora kwa kalamu na kuiunganisha kwa jioni moja. Waumini hujibu kwamba siri imo katika transista za jerimani za wakati ule. Ni kweli kwamba jerimani ina tabia yake. Lakini sehemu kubwa ya tabia hiyo ni udhaifu. Transista hizo zilitofautiana moja na nyenzake hata zilipotoka katika kiwanda kimoja siku moja, na umeme huvuja ndani yake kadiri joto linavyopanda. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayeagiza kwa gharama kubwa kisanduku cha jerimani cha miaka ya sitini, akakipiga alasiri ya mwezi wa Februari, asishangae sauti ikififia na kukatika. Amenunua udhaifu, na kuulipia kama hazina.

Kadhalika pedali ya Ibanez iitwayo Tube Screamer, iliyotoka Japani mwaka 1979. Chipu iliyomo ndani yake, ambayo watu huitaja kwa nambari kama watajavyo aya, ilikuwa chipu ya kawaida iliyotengenezwa kwa wingi na kutiwa katika vyombo vingi vya sauti. Tofauti mashuhuri kati ya toleo la kwanza, TS808, na toleo lililofuata, TS9, ni vikinzani viwili vya mwisho wa njia ya umeme, vitu ambavyo bei yake haifikii bei ya andazi. Hata hivyo watu wazima, wenye akili timamu katika mambo mengine yote, hulipa mara nyingi zaidi kwa toleo la kwanza, na wanapolikanyaga nyuso zao hung'aa kwa furaha ya kuisikia tofauti ambayo pochi zao zimewafundisha kuisikia.

Lakini kilele cha upofu huu ni kisa cha Klon Centaur. Pedali hii ilitengenezwa na Bill Finnegan wa jimbo la Massachusetts, Marekani, tangu mwaka 1994. Alizitengeneza kwa mkono, takriban 8,000 kwa jumla, akaziuza zikiwa mpya kwa bei isiyofika dola 400. Viungo vya ndani alivimwagia gundi nzito ili pasiwe na wa kuviiga. Alipoacha kuzitengeneza, bei ya zilizotumika ikapanda kutoka mamia ya dola hadi maelfu, na hadithi zikapanda pamoja na bei. Baadaye wenye subira waliikwangua gundi, wakaichora njia ya umeme, na siri ikawa hadharani. Leo nakala zake huuzwa kwa bei ya kununulia viatu. Mwenyewe Finnegan, alipotoa kisanduku kipya mwaka 2012, alikiandika juu yake maneno ya kujitenga na sifa hizo za kupita kiasi, akisema kwamba hazikuwa kazi yake. Mtengenezaji mwenyewe amesimama hadharani na kuikana ibada, na waumini wakaendelea kusujudu. Imenenwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pedali ya Finnegan haikuwa mbaya. Lakini kilichojitembeza hadi maelfu ya dola ni uadimu wake, na uadimu haupigi hata noti moja.

Nguzo ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa, kwa sababu humfundisha mtu kulaumu mahali pasipo na kosa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mpigaji wa ridhaa husikia rekodi, hupenda sauti yake, hununua kisanduku kilekile, huenda nacho chumbani, hupiga, na haisikii sauti ile. Huhitimisha kwamba bado kuna kisanduku kingine. Lakini sababu zinajulikana, nazo hazimo dukani.

Mosi, ni usikivu wa binadamu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wataalamu wa maabara za Bell nchini Marekani, walitangaza uchunguzi wao ulioonyesha kwamba sikio halisikii sauti nene na sauti nyembamba kwa uwiano mmoja katika ukubwa wote wa sauti. Sauti inapopunguzwa, besi hufifia upesi kuliko sauti za kati. Rekodi nyingi zilizotukuzwa zilipigwa kwa amplifaya zilizofunguliwa hata madirisha yakatetemeka. Mtu anayepiga polepole usiku ili asiwaamshe watoto hawezi kusikia walichosikia wale, hata akikusanya kila pedali iliyowahi kutengenezwa. Na wauzaji wanaijua kanuni hii kwa upande wake wa pili: kati ya sauti mbili, ile iliyo kubwa kidogo huonekana bora. Kisanduku kinachoongeza sauti kwa kiasi kidogo kinapokanyagwa kitasifiwa kwa utamu, uhai na upana, na sifa hizo zote zingalipatikana kwa kuzungusha kifundo cha amplifaya robo ya mzunguko.

Pili, ni wingi wenyewe. Umeme wa gitaa ni dhaifu, na waya mrefu huumeza wembamba wake. Waya wa kawaida una uwezo wa kuhifadhi chaji kiasi cha pikofaradi 100 kwa kila mita, na kadiri mita zinavyozidi ndivyo ukali wa sauti unavyofifia. Waumini, wakiogopa kuchafua sauti, hutaka pedali ambazo zikizimwa huuacha umeme upite moja kwa moja bila kuguswa. Jambo hilo ni jema kwa pedali mbili. Kwa pedali kumi na mbili, maana yake ni kwamba waya wote, wa kwenda, wa kurudi na wa katikati, umejumlishwa kuwa waya mmoja mrefu, na ukali umemezwa njiani. Ndipo mtu hununua pedali ya kumi na tatu ya kuurudisha ukali. Hesabu hii ingeweza kufanywa kwa kijiti juu ya mchanga kabla ya pedali ya tatu kununuliwa.

Tatu, na ndiyo kubwa, ni mkono. Stevie Ray Vaughan alitumia Tube Screamer, na kwa ajili yake maelfu wameinunua. Lakini alitumia pia nyuzi nene, ule mwembamba kuliko wote ukiwa na unene wa inchi 0.013, ambazo wengi wa wanunuzi hao hawawezi kuzivuta hata kwa dakika tano. Na alizipiga kwa nguvu ya mtu apasuaye kuni. Nyuzi hizo huuzwa kwa bei ndogo kuliko pedali yoyote. Hazina wafuasi, kwa kuwa huumiza vidole. Hendrix naye aliitawala Fuzz Face yake kwa kifundo cha sauti kilicho juu ya gitaa: alipokipunguza mkwaruzo ulisafika, alipokiongeza ukarudi, na hivyo kisanduku kimoja kikawa visanduku vingi. Kifundo hicho kipo juu ya kila gitaa la umeme lililouzwa, tena bure. Wapigaji wangapi wa ridhaa hukifungua mpaka mwisho siku ya kwanza na wasikiguse tena? Wangapi wamewahi kutenga jioni moja tu kusikiliza tofauti ya kuupiga uzi karibu na daraja na kuupiga karibu na shingo?

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa kwa haki.

Wa kwanza watasema kwamba wapo mabingwa ambao muziki wao hauwezi kutenganishwa na mitambo yao, na watamtaja The Edge wa kundi la U2. Wanasema kweli. Katika "Where the Streets Have No Name," wimbo wa mwaka 1987, mwangwi haukuwekwa kama pambo. Umepimwa kwa mapigo ya wimbo, na mpigaji ameacha nafasi kati ya noti zake ili mwangwi uzijaze. Mkono na mashine vimekuwa mpigaji mmoja. Lakini hoja hii ni shahidi wa upande wa pili. Mashine za mwangwi wa namna ile ziliuzwa kwa watu wengi, na The Edge ni mmoja. Alikaa na jambo moja, akalisikiliza hata akajua lataka nini, akaondoa katika upigaji wake yote yasiyolingana nalo. Mtu huyo aigwe katika kuondoa kwake, si katika kununua kwake.

Wa pili watasema kwamba chombo kipya huamsha fikira. Hili nalo lina ukweli, na ukweli wake una tarehe ya kuisha. Kila aliyenunua pedali anaujua ule msisimko wa juma la kwanza, vidole vinapokwenda mahali ambapo havijawahi kwenda. Lakini juma la nne vidole vimerudi katika njia yao ya zamani, na fikira iliyoamshwa imelala tena ikingoja kifurushi kingine. Mwenye kuamka kwa kuamshwa tu hajaamka.

Wa tatu watasema: fedha ni zao, furaha ni yao, nani amedhurika? Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na jibu lake limo ndani ya neno la Kiswahili lenyewe. Mtu huyu huitwa mpigaji wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, ni kuridhika. Fundi wa kulipwa hupiga apendavyo mwajiri. Wa ridhaa hupiga apendavyo mwenyewe, na katika hilo ni huru kuliko fundi. Soko la pedali haliwezi kuendelea iwapo mtu huyu ataridhika. Kila tangazo, kila sifa ya toleo jipya, kila maneno ya siri iliyofichuliwa, kazi yake ni moja: kumnyima ridhaa yake hata aone kwamba jana alichokuwa nacho kilitosha, na leo hakitoshi. Basi aliyedhurika ni yeye. Hana saa nyingi. Labda ana moja kila jioni, iliyokatwa kati ya kazi na usingizi. Saa hiyo ikitumika kusoma habari za vikinzani na kulinganisha bei, haikutumika kupiga. Kwa miaka kumi, mtu huyo atakuwa mjuzi mkubwa wa majina ya bidhaa na mchanga katika ala aliyodai kuipenda.

Na asidhani mtu kwamba kupenda vyombo kwenyewe ndiko kulaumiwako. Brian May wa kundi la Queen, akiwa kijana, alianza mwaka 1963 kutengeneza gitaa pamoja na baba yake, na shingo ya gitaa hilo waliichonga kwa mbao ya jiko la zamani la kuotea moto. Mtu huyo, aliyekuja kupata shahada ya udaktari wa falsafa katika elimu ya nyota mwaka 2007, alilipiga gitaa hilo maisha yake yote, na badala ya kipande laini cha plastiki hupigia sarafu ya Kiingereza. Hapa pana mapenzi ya vyombo kwa maana yake kamili, yaani kujua kitu kimetokana na nini na kwa nini kinalia hivyo. Anayefungua kisanduku na kukiunda upya kwa mkono wake amejifunza. Anayekifungua kifurushi tu amepokea mzigo.

Suala hili lina uzito wa peke yake katika nchi za Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga, Kongo, kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao na kupiga gitaa lisilo na umeme kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole viwili vilitoa besi, wimbo na mapigo kwa wakati mmoja, na hadi leo wapigaji wa mabara mengine hukaa chini kuuchambua wimbo wake "Masanga," wakijaribu kufahamu yalivyopangwa. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufa ajalini Mombasa mwaka 1979, aliliongoza gitaa la solo la Morogoro Jazz, na bendi hiyo ikaiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Msikilizaji anayemjua humtambua kwa kifungu kimoja, na kinachomtambulisha ni jinsi anavyoingia nyuma kidogo ya pigo na jinsi anavyolijibu gitaa la pili.

Katika bendi hizo, zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga pamoja, kila gitaa lilikuwa na makao yake: solo, solo la pili, rithimu, besi. Uzuri wa kila moja ulikuwa katika nafasi lililoachiwa na mengine. Hapa ndipo mpigaji wa chumbani hujidanganya. Akiwa peke yake hunenepesha besi, hukaza sauti nyembamba, huzimeza za kati, na huongeza mwangwi hata gitaa moja lijaze chumba kama bendi nzima. Siku akialikwa kupiga na wenzake, gitaa lake halisikiki kabisa. Besi yake imemezwa na mpiga besi, wembamba wake na matoazi ya ngoma, na zile sauti za kati, ambazo ndizo makao halisi ya gitaa, amezitupa mwenyewe.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki walianza kwa gitaa la galoni, nyuzi zake zikiwa waya za breki za baiskeli, na wengine wao walikuja kuwa walimu wa wengine. Kijana wa leo huambiwa, na dunia nzima ya wauzaji, kwamba hawezi kuanza mpaka apokee kisanduku kutoka ng'ambo, alipe bei yake, nauli yake na ushuru wake. Akiamini hivyo, amekubali jambo kubwa kuliko bei: amekubali kwamba sauti hutoka kwingine, naye kazi yake ni kuipokea. Hakuna kodi nzito kuliko hiyo.

Neno moja lisemwe pia kwa wale wa upande wa pili, wanaodharau kila chenye umeme na kusema kwamba mpigaji wa kweli huchomeka waya mmoja tu katika amplifaya. Hao nao wamefanya chombo kuwa kipimo cha mtu; wamegeuza tu kichwa cha mizani. Amplifaya yao ni mtambo uliojaa umeme kuliko pedali kumi. Kujivunia umaskini wa vifaa bila ya kazi ya mkono ni sawa na kujivunia wingi wake.

Ipo njia iliyo wazi kwa mwenye nia. Achague pedali moja, yoyote aliyo nayo, akae nayo mwaka mzima hata ajue kila kifundo chake kinafanya nini kwa kila nguvu ya kidole. Zilizobaki azifungie sandukuni, na baada ya mwaka auze zile ambazo hakuzikumbuka. Ajirekodi kila mwezi na kujisikiliza bila huruma, maana rekodi haina haya. Akitaka kujua mkwaruzo hutokeaje, anunue transista mbili na vikinzani vinne auunde mwenyewe. Awatafute wenzake wawili, mwenye besi na mwenye ngoma, wapige pamoja hata kama ni vibaya. Na kabla ya kununua kisanduku chochote, aulizwe, au ajiulize, kifungu gani cha wimbo gani kinamshinda kwa kukikosa. Akiweza kukitaja kifungu hicho, anunue kwa amani. Asipoweza, gitaa liko ukutani, na jioni bado haijaisha.